Kona ya Nne ya Shali

Nakuam alikuwa na haraka. Mtoto wa mama yake alikuwa njiani, naye alitaka shali yake iwe tayari.

"Ata, nionyeshe tena mshono wa ukingo," akaniambia. Ata ni nyanya kwa Kiturkana, ndivyo wajukuu wangu wote huniita.

Tulikuwa tumekaa mlangoni kwangu, mtaa wa Kiwanjani, penye mwanga, maana macho yangu siku hizi hayaoni tundu la sindano. Nikamshika mkono. "Dunga hapa juu, tokea hapa ukingoni. Uzi upite chini ya sindano. Haya, vuta. Polepole! Ukivuta kama mtu anavuta ngamia, kitambaa kinajikunja."

Alishona, akafumua, akashona tena. Nikamwambia mishono yake ni kama meno ya mbuzi mzee. Akacheka. "Na wewe Ata, meno yako yako wapi?"

Mwishowe uzi wake wa buluu ukanyooka, ukazunguka kona tatu. Kwa ile ya nne nikamnyang'anya sindano.

"Hii tunaiacha. Kwetu shali haimalizwi mpaka mtoto alie. Ukimaliza mapema ni kama unamvuta kwa nguvu."

"Akilia tu, namalizia?"

"Akilia tu."

Nikaichoma sindano pale palipobaki, ikangoja pamoja na sisi.

Achuka, binti yangu, mama yake Nakuam, alirudi kutoka hospitali asubuhi, mikono mitupu. Ekeno mume wake alikuwa nyuma, amebeba kitu kidogo kimefungwa kwa leso. Hatukuuliza. Kagendo, jirani yetu, aliingia akawasha moto wa chai bila kuambiwa.

Wanaume wa jirani walipotoka kwenda kuchimba kaburi, Ekeno akabaki mlangoni. Nikatoa ile shali, nikaikunja, kona iliyo wazi ikae ndani. Nakuam akaikunjua.

"Ata, haijaisha."

"Iache hivyo, mama yangu."

"Baridi itamwingia hapo."

"Mtoto hakulia, Nakuam. Si nilikueleza mambo ya kwetu?"

Hakubishana na mimi. Alienda akapiga magoti kando ya mama yake, aliyekuwa amelala akiangalia ukuta, kile kitu cha leso kando yake.

"Mama, alilia?"

Nilitaka kumvuta nguo atoke.  Achuka akageuka.

"Alilia," akasema. "Kidogo tu, kama kapaka. Mimi nilimsikia."

Hakuna mtu alikuwa amemuuliza hilo. Hata mimi mama yake sikuuliza. Ekeno, pale mlangoni, akafunika uso kwa kofia.

Nikampa Nakuam sindano. Alikaa hapo hapo miguuni kwa mama yake akashona. Dunga, tokea, uzi chini. Machozi yalikuwa yanaangukia kitambaa, na mahali pamoja akavuta sana, kikajikunja. Akataka kufumua.

"Wacha tu," Achuka akasema, akajikaza kuketi. "Lete, nimfunike."