Safari za Mzee Kasiani

Kila mwaka vijana walipotoka jandoni, Mzee Kasiani alikuwa na safari ya Masasi. Mkewe alimfungia mihogo ya kuchemsha, naye akaondoka alfajiri. Mchana wake lipiko likatoka porini, kinyago usoni na nguo mwili mzima, likacheza mpaka kijiji kizima cha Makote kikashangilia. Wanawake na watoto waliambiwa huyo si mtu, ni mzimu. Binti yao Oliva alikua akimhurumia baba yake, maskini, kwa kuikosa ngoma miaka yote.

Mwaka jana Oliva aliirekodi ngoma hiyo kwa simu. Ana wafuasi mtandaoni, na wafuasi nao hawashibi. Alipoipunguza mwendo video, akauona mguu wa kushoto wa lipiko ukikanyagia ukingo wa wayo, vilevile kama wa baba yake tangu alipoanguka kwenye mkorosho ujanani. Furaha ikampanda kichwani. Akaandika, "Jamani, kumbe lipiko letu ni baba yangu mzazi!" akairusha.

Video ilisambaa kama moto wa kiangazi. Watu wa mbali wakammwagia pongezi. Makote hakuna aliyempongeza. Watoto walimfuata Mzee Kasiani njiani wakichechemea na kumwita lipiko. Wazee wakaja, wakazungumza naye uani kwa sauti ya chini, wakaondoka na kinyago.

Oliva aliifuta video, lakini ilishahamia kwenye simu za watu. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Baba, nisamehe. Nilitaka wakujue," alilia.

"Najua, mwanangu." Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Ila anayejulikana hachezi tena."

Oliva akamgeukia mama yake. "Na wewe mama, ulikuwa unajua?"

"Mguu wa mume wangu nisiujue? Tangu mwaka nilioolewa. Nilimfungia mihogo yake, nikamwambia safari njema."

Mwaka huu lipiko jipya limetoka porini. Mzee Kasiani hakusafiri. Alikaa kwenye benchi kando ya binti yake, mahali pale pale ambapo Oliva, utotoni, alitamani sana baba yake akae. Simu ya Oliva ilibaki nyumbani. Ngoma zilipokolea, mguu wa kushoto wa mzee ukaanza kuzifuata wenyewe. Akalishika goti kwa mikono miwili, akalibana mpaka mguu ukatulia.