Maandishi ya Nyuma

Mimi mdomo wangu hauna breki, najijua. Ukija kibandani kwangu kupigwa picha nitakugombeza: kaa sawa, acha kununa, umefiwa? Ila picha ninazozipenda ni za watu wa mtaa huu wakiwa kazini. Hizo nazibandika ukutani. Wapita njia husimama, wanaanza: "Jamani, huyu si kama shangazi kabisa!" Na wala hawamjui. Nikisikia hivyo nashiba.

Nyuma ya kila picha huandika kwa penseli mwenye picha anapatikana wapi na saa ngapi, ili nimpelekee nakala yake. Miaka tisa nafanya hivyo.

Mwezi uliopita alikuja mwanamume mmoja, viatu safi, sauti ya upole. Akanunua picha ya Mama Mkaa, muuza mkaa wa pale kona. Nilifurahi kama mjinga, hata kiti nikampangusia. Siku ya tatu Mama Mkaa hakufungua, na hajafungua mpaka leo. Yule bwana akarudi, akachukua ya Dakika, fundi saa. Kesho yake meza ya Dakika ilikutwa imepinduliwa, na mkewe bado anazunguka hospitalini na polisi akimuulizia.

Ndipo akili iliponirudi. Hao wawili, pamoja na Mzee Soli fundi viatu, ndio pekee waliogoma kuhama ili mtaa ubomolewe. Na mimi, kwa kiherehere changu, nimewaelekeza watu mpaka walipo. Nililia kwa hasira hadi nikapaliwa.

Leo asubuhi nikafuta maandishi nyuma ya picha ya Mzee Soli, nikaandika mengine. Kisha nikamkimbilia kule anakoshonea, mtaa wa nyuma.

"Mjomba, ondoka sasa hivi. Wanakutafuta."

"Nakusikia, mwanangu. Nipe hadi jioni. Nina viatu vya watu hapa."

Ala! Viatu vya watu! Nilitamani nimpige kwa nyundo yake mwenyewe.

Saa sita yule bwana akaingia. Akaibandua mwenyewe picha ya Mzee Soli, akaitazama muda mrefu. Mzee yumo anacheka, misumari imebanwa midomoni.

"Kama marehemu baba," akasema taratibu. "Naye alikuwa anabana misumari hivihivi." Machozi yalimlengalenga, nami nikapata matumaini.

"Basi mwache," nikamwambia. "Nakuomba, mwache mzee wa watu."

Akajifuta kwa kitambaa. "Nifungie vizuri, isije ikakunjika."

Nikageuka kutafuta karatasi. Akaigeuza picha, akasoma. Akanitazama.

"Mbona mahali palipoandikwa ni hapa kwako?"

"Ndiyo."

"Wanaokuja si mimi, dada. Na wale sura hawaangalii. Wanafuata maandishi tu."

"Najua."

Akaichukua picha yake, akatoka, akanirudishia mlango polepole.

Sasa ni saa kumi, ile niliyoiandika. Ningekimbia, lakini wakinikosa hapa wataanza kuulizia, na nani asiyemjua Mzee Soli? Kwa hiyo nimekaa. Gari limesimama nje na milango yake inafunguliwa. Na kule mtaa wa nyuma nasikia nyundo bado inagonga, ko, ko, ko. Mjomba jamani, viatu vya watu!