Kasha la Rafu ya Juu

Mwalimu Theopista wa Ijuganyondo hakumwamini mtu kabla hajaiona mikono yake ikihangaika. Mdomo, alisema, umefundishwa adabu na wazazi. Mikono haijafundishwa na mtu. Ndiyo maana kila mgeni aliyeketi sebuleni kwake aliletewa vitu viwili: kikapu kidogo cha amwani, zile kahawa zilizochemshwa na kukaushwa ambazo Wahaya humpa mgeni atafune, na fumbo moja kutoka kabati la vioo.

Mafumbo yalikuwa arobaini na matatu. Misumari miwili iliyopindwa ikakumbatiana, pete iliyonaswa kwenye waya, vijiti sita vilivyofungamana bila gundi, mchemraba wa rangi uliochakaa pembe. Alianza kuyakusanya akiwa bado anafundisha hisabati, tangu mtawa mmoja aliyekuwa akirudi kwao alipomwachia ile misumari. Sasa amestaafu, na mafumbo ndiyo yamekuwa soga yake na mahakama yake. "Anayevuta kwa nguvu atakuja kumpiga mkewe," alisema. "Anayeliweka chini upesi ataikimbia familia. Anayecheka na kumpa mwenzake, huyo mwizi." Kwa namna hii alikwishawatia hatiani nusu ya watu wa mtaa, fundi bomba na mwenyekiti wa kigango wakiwemo, na hakuna aliyewahi kukata rufaa.

Basi Jumapili moja akaja Kristofa kujitambulisha, amesindikizwa na baba yake mdogo, mzee Boniface. Kristofa alikuwa mfanyabiashara wa dagaa pale Kemondo, mwenye kwenda na kurudi visiwa vya Muleba, na alitaka kumuoa Annastella. Annastella, msichana wa miaka ishirini na sita aliyefanya kazi katika duka la dawa mjini Bukoba, alijulikana na wote kuwa mtoto wa marehemu Edvina, dada yake Theopista. Theopista alimlea tangu akiwa mchanga, na Annastella alimwita mama mdogo.

Theopista alikuwa amemhukumu Kristofa kabla hajavua viatu. Mtu wa visiwani, alijisemea, ana mke kila mwalo anapotia mtumbwi. Akainuka, akaenda kabatini, akachukua kasha la mbao kutoka rafu ya chini bila hata kuliangalia, akamwekea mapajani.

Kasha hilo halina budi kuelezwa. Marehemu Kahangwa, seremala wa Kamachumu, alimchongea Theopista makasha mawili ya mti wa msizi, yanayofanana kama mapacha, hayana mfuniko wala tundu la ufunguo. Kulifungua moja kulitaka hatua saba, na hakuna mgeni aliyewahi kufika hata hatua ya tatu. Lile la rafu ya chini lilikuwa na punje moja ya kahawa ndani. Atakayelifungua aitafune, na nyumba hiyo iwe yake. Lile la rafu ya juu lilikaa nyuma ya vijiti sita, wala hakuna mgeni aliyepewa.

Kristofa aliliinamisha kasha kushoto, kisha kulia. Theopista akatega sikio asikie punje ikigonga mbao. Hakusikia kitu.

Kasha lisilogonga lilikuwa lile la juu, na ndani ya lile la juu kulikuwa na karatasi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Theopista yeye alizaa, kisha ndipo akaficha. Miaka ishirini na sita iliyopita alikuwa akifundisha mbali, upande wa Geita, katika shule ya watawa, hana mume, na mimba ya mtu ambaye hakutaka kumtaja. Mwalimu wa namna hiyo angefukuzwa kazi asubuhi na kufukuzwa na baba yake jioni. Edvina, aliyekuwa akiishi naye, alifariki kwa homa mwezi uleule mtoto alipozaliwa, na Theopista akarudi Bukoba na msiba mkononi na mtoto mgongoni, akasema ni wa dada. Aliyeambiwa alilia, na anayelia hahoji. Kitu kimoja tu ndicho hakuweza kukichoma moto: cheti cha ubatizo, kwa sababu ndiyo karatasi pekee duniani iliyosema kwamba mama wa Annastella ni yeye. Hata padri alipoanza kukidai kwa ajili ya ndoa, Theopista alisema kimepotea, ataandika barua Geita. Hakuandika.

Na sasa cheti hicho kilikuwa mapajani mwa muuza dagaa.

Kumnyang'anya hakuweza, mzee Boniface angeuliza kulikoni. Akakaa, amejishikilia kwenye kiti, huku Kristofa akibonyeza na kugeuza. Kisha kijana akasema, "Ngoja nilitazame kwenye mwanga," akatoka barazani, akawapa mgongo. Alikaa huko muda wa kutosha ndizi kuiva. Aliporudi alilirudisha kasha kwa mikono miwili, ameinama kidogo.

"Nimeshindwa, waitu," alisema kwa neno la heshima la Kihaya.

Boniface akacheka, akasema nyumbani kwao hata kopo la maziwa humshinda. Theopista hakucheka.

Wageni walipoondoka na Annastella akawasindikiza, Theopista alijifungia chumbani akalifungua kasha. Cheti kilikuwemo. Lakini yeye siku zote alikikunja maandishi yakiwa ndani na msalaba uliochapwa nyuma ukiwa nje. Sasa msalaba ulikuwa ndani. Akaketi kitandani. Jinsi kasha lilivyoshuka rafu ya chini alidhani ni uzee wake mwenyewe. Jinsi cheti kilivyokunjuliwa hakuhitaji kudhani. Kijana amefungua, amesoma, amefunga, halafu amesema ameshindwa. Mtu anayeweza akajifanya hawezi, Theopista hakuwahi kumwona katika maisha yake yote ya mafumbo, na alimwogopa kuliko mwizi.

Jumatatu Annastella alikuwa akiimba jikoni. Hajaambiwa bado, Theopista akawaza. Jumanne bodaboda alileta sato wawili wakubwa kutoka Kemondo, wamefungwa kwenye jani la mgomba, na salamu za Kristofa. Annastella aliwakaanga, wakanukia hadi kwa jirani. Theopista alikula ndizi tupu.

"Huli samaki, mama mdogo?"

"Samaki wa kuzibana midomo siwali."

"Midomo ya nani?"

"Kula, mwanangu, wasipoe."

Jumatano alimchungulia Annastella akiongea kwenye simu kando ya migomba, akajaribu kumsoma midomo, akaambulia neno "Jumamosi". Jumamosi walikuwa waende kwa padri kujaza fomu ya ndoa. Theopista akapiga hesabu kama mwalimu: kijana anasubiri siku hiyo, aseme mbele ya padri, au auze ukimya wake kwa bei ambayo Theopista hakuijua bado. Hakulala vizuri. Alhamisi akavaa gauni lake la kanisani, akaenda Kemondo.

Alimkuta Kristofa ghalani karibu na bandari, akipima magunia ya dagaa. Kijana alishtuka, akafuta benchi kwa shati lake mwenyewe, akataka kumwagizia soda. Theopista akakataa soda. Soda nayo ni samaki tu, ila ina gesi.

"Kristofa, Jumapili ulitoka barazani na kasha langu."

"Nilitoka, waitu."

"Ulifanya nini huko?"

Kristofa aliyaangalia magunia. Akajikuna shingo. Mkono wa mwenye hatia, Theopista akajisemea, huo hapo.

"Naona aibu kusema," kijana akajibu. "Unisamehe tu, mwalimu. Sikupaswa."

"Sitaki msamaha. Nataka kujua unataka nini." Sauti ilianza kumpanda, na mwalimu aliyezoea kunyamazisha darasa hajui kunyamaza mwenyewe. "Umekaa kimya siku nne. Umeniletea samaki. Unadhani mimi mtoto? Mtu akikuta jina langu kwenye cheti cha ubatizo cha Annastella, mahali pa mama mzazi, hanyamazi bure."

Kristofa aliacha kujikuna. Aliinua kichwa taratibu, akamtazama, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeambiwa jambo kwa mara ya kwanza.

"Mimi nilitoka kutafuta mtandao, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Nilitaka kuona kwenye simu kama kuna video ya kufungua makasha ya namna ile. Ndiyo aibu yenyewe. Sikupata kitu."

Theopista alijua palepale kwamba ni kweli. Alikumbuka vidole vya kijana Jumapili ile, jinsi vilivyokuwa vikibonyeza juu, juu, juu, vikitafuta mfuniko kwenye kasha lisilo na mfuniko. Aliiona mikono hiyo kwa macho yake, na hofu ikamfanya asiisome. Sasa amemwaga mchele mwenyewe, tena penye kuku.

Nje mtu alikuwa akigombana na mtu mwingine juu ya kamba.

"Siwezi kusema sijasikia," Kristofa alisema hatimaye. "Lakini si langu kulisema. Jumamosi nitaketi na Annastella mbele ya padri. Sitaki niketi pale nikijua jambo lake ambalo yeye halijui. Nakuomba, mama, nitangulie wewe kumwambia."

Alimsindikiza hadi barabarani, akamtafutia kiti cha mbele kwenye daladala. Theopista hakumpata na kosa hata moja njia nzima, na alijitahidi.

Annastella alirudi kutoka kazini saa kumi na mbili, akakuta kasha liko mezani na Theopista ameketi mbele yake, bado amevaa gauni la kanisani. Hotuba aliyoitunga tangu Kemondo ilikuwa imempotea yote. Alisema neno moja tu, akidhani atamwongoza hatua kwa hatua hadi ndani, kama somo.

"Lifungue."

Annastella alilitazama kasha, akamtazama yeye. Akaweka mkoba chini. Akaliinamisha kushoto kabisa mpaka kipini cha ndani kikateleza bila sauti, akasukuma ubao wa chini kiasi cha upana wa ukucha, akalipindua, akavuta ubavu, akazungusha. Hatua saba, bila kusita, kama mtu anayemenya ndizi. Cheti kikatoka. Akakiweka mezani.

Theopista alitaka kuuliza maswali kumi. Lililotoka lilikuwa la kishushushu, maana ndivyo alivyokuwa.

"Nani kakufundisha?"

"Nilijifundisha. Nikiwa darasa la sita, siku ulipokwenda kusahihisha mitihani Muleba."

"Miaka kumi na minne."

"Kumi na minne."

"Na safari hii ni wewe uliyekikunja vibaya."

"Padri alikihitaji, na wewe ulisema kimepotea. Nikakitoa, nikapiga nakala mjini. Nilipokuwa nakirudisha nikakusikia unarudi kutoka shamba la kahawa, nikayabwaga makasha hovyo, la juu chini, la chini juu." Akatabasamu kidogo. "Nilijua utagundua. Nilijua utamshuku mtu. Nikangoja uje kwangu."

"Nilikwenda Kemondo."

Tabasamu likamtoka Annastella. "Kufanya nini Kemondo?"

"Kumshuku Kristofa."

"Umemwambia?"

"Nilidhani anajua."

Annastella alijifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakamtikisika, na Theopista hakuweza kujua kama anacheka au analia mpaka alipoitoa mikono na kuona ni vyote viwili. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema. Lakini hawakusema la kufanya ukikuta kilikuwa kikikushonea nguo.

"Kwa nini hukuniambia?" Theopista aliuliza, na sasa naye alikuwa analia, waziwazi, hajifuti. "Umeniacha miaka yote hiyo na kasha langu kama mjinga."

"Ulikuwa unafurahi sana kwamba hakuna anayeweza kulifungua." Annastella alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Na mimi nilitaka unipe mwenyewe. Kila mgeni aliyepita hapa ulimpa fumbo. Nikasema siku moja zamu yangu itafika."

Akafungua mkoba, akatoa fomu ya parokia, akailaza juu ya cheti. Alikuwa ameijaza nusu yake kwa mwandiko safi wa mtu wa duka la dawa: jina lake, mahali alipobatizwa, tarehe. Mahali pa jina la mama palikuwa wazi.

"Majina haya yatasomwa kanisani Jumapili tatu," alisema. "Ukitaka nimwandike Edvina, nitamwandika, wala sitakulaumu. Lakini kalamu ushike wewe."

Theopista aliifikiria ile misa. "Mwenyekiti wa kigango atakuwepo?"

"Yeye ndiye hukaa mbele."

"Na fundi bomba?"

"Na fundi bomba."

Aliichukua kalamu. Akaiangalia mikono yake jinsi ilivyokuwa ikihangaika juu ya karatasi, ikienda na kurudi. Angemwona mgeni mwenye mikono kama ile, angemnyima hata kahawa. Kisha akaegemeza kiwiko mezani na kuandika jina lake kwa herufi kubwa, kama alivyokuwa akiandika ubaoni, ili hata aliyekaa dawati la nyuma alione.