Gari la Usukani wa Kushoto

Mdogo wangu Ludovick alirudi kutoka Texas baada ya miaka kumi na sita, na jambo la kwanza alilotaka ni kukodi gari. Kule, alisema, watu hukodi gari wakasafiri siku tatu, nne, hawana haraka, wanasimama wanapotaka. Alitaka kumtembeza mama hivyo: Dodoma, Mtera wakale samaki, Iringa, hadi Mbeya. Nikamwambia mabasi yapo. Akacheka.

Asubuhi tukaenda Ipagala, hapahapa Dodoma, kwa Mudrick, Mrangi mmoja anayekodisha magari. Mama alikuja nasi amevaa kitenge kipya.

"Shikamoo mama! Leo Wagogo mmeacha ng'ombe mnataka magari?"

"Marahaba. Punguza maneno, tuonyeshe," mama akamjibu.

Yalikuwepo matatu. Noah, Prado ya kijivu, na gari moja kubwa jeusi la Kimarekani ambalo Mudrick alilipata mnadani, mradi fulani ulipofungwa. Nyuma limeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba usukani uko kushoto, ili wengine wajihadhari.

Ludovick alikagua kama alivyozoea kule. Alipiga picha kila mkwaruzo, akauliza kiyoyozi, akauliza pa kuchajia simu. Kisha akaizungusha Prado uani. Akitaka kuwasha indiketa, waipa zinafuta kioo kikavu. Akitaka gia, mkono unagonga mlango. Mudrick alicheka hadi akashika mbavu.

"Kaka, mwili umeshazoea kushoto," Ludovick aliniambia. "Nachukua lile jeusi."

"Chukua Prado."

"Umeniona nilivyokuwa naendesha? Nitaua mtu."

"Utazoea kabla hatujatoka mjini. Ukiwa na lile, lori likiwa mbele yako huoni kitu. Wa kukuangalizia ni aliyekaa kulia."

"Sawa. Mama si yupo?"

Kwetu mkubwa hukaa mbele, na hakuna anayejadili hilo. Mama ana mtoto wa jicho la kulia, na la kushoto linamtambua mtu akishafika mlangoni.

Mimi niliacha shule darasa la tano nikawa utingo wa kaka yetu Marko, mtoto wa kwanza wa mama. Lori lake lilikuwa na usukani wa kushoto. Nilikaa kulia, macho yake nikiwa mimi. Siku moja karibu na Chipogoro, barabara ikiwa bado ya vumbi, tulikuwa nyuma ya lori la mkaa. Niliona vumbi mbali nikadhani ni upepo. Nikasema, "Pita, kaka." Haukuwa upepo. Mimi nilitoka na mkono uliovunjika. Marko hakutoka. Nyumbani nilisema breki zilikata, na mama amezilaumu breki kwa miaka ishirini na saba.

"Chukua tu Prado," nilirudia.

"Nipe sababu, kaka."

Sababu ilikuwa mdomoni. Nikamtazama mama. Alikuwa ameshapanda lile jeusi, anapapasa kiti kama anayepapasa ndama.

"Hili zuri," alisema. "Halina kelele."

Nikaimeza ile sababu. Ningesema palepale uani, tungeondoka na Prado.

"Basi mbele nakaa mimi," nikasema.

Mudrick aliacha kucheka. Mama alinigeuzia lile jicho la kushoto. "Unanitoa mbele, Nathanaeli?"

"Jua litakupiga, mama."

"Jua limenipiga miaka sabini na mbili."

Alishuka akaenda nyuma. Hadi tulipopita Fufu alimsemesha Ludovick tu.

Siku hizi ni lami tupu, hakuna vumbi la kukuambia kitu kinakuja. Mbele kidogo tukakuta lori limejaa magunia, linapanda kwa kujivuta. Ludovick alisogea katikati ya barabara, shingo ameinyoosha, haoni ila magunia.

"Nipite?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado."

Gari dogo likatupita sisi na lori kwa pamoja, likapotea juu ya kilima. Dereva wake alitupungia mkono kwa dharau.

"Kaka, unaona nini huko?"

"Kilima."

"Na barabarani?"

"Sioni kitu."

"Sasa si ndiyo nipite!"

Nilijaribu kulitamka lile neno, "Pita." Halikutoka. Mkono ule uliovunjika ulikuwa umeshika kishikio cha mlango, nami sikumbuki niliushika saa ngapi.

"Nathanaeli, unamchosha mwenzako," mama akasema nyuma yangu. Alikuwa ameshusha kioo, ametoa kichwa, kilemba kinapepea. "Marko angekuwa ameshapita zamani. Barabara nyeupe kabisa. Pita, mwanangu."

"Haoni!" nikapiga kelele. "Ludo, mama haoni, ana mtoto wa jicho!"

Lakini Ludovick alikuwa ameshakata usukani. Gari likanguruma, tukaingia upande wa kulia, magurudumu ya lori yakawa yanazunguka ubavuni mwetu. Kilima kilikuwa mbele, na juu yake lami ilikatika kama imekatwa kwa panga.

"Mama," nikasema, "breki za Marko hazikukata. Mimi ndiye niliyemwambia apite."

Ludovick akaondoa macho barabarani, akageuka kunitazama.