Wavutaji wa Mtaa wa Chini

Siku mshonaji alipochaguliwa kuwa mpiga mwito wa timu ya kamba ya Mtaa wa Chini, alicheka peke yake kwenye cherehani mpaka uzi ukakatika. Mpiga mwito husimama kando ya kamba na kuwapa wavutaji pumzi moja: akisema "haya" wanavuta, akisema "shika" wanaganda kama nguzo. Sauti alikuwa nayo. Tatizo ni kwamba alizaliwa Mtaa wa Juu, kwa watia rangi vitambaa, na nanga wa timu ya huko, yule wa mwisho anayejizungushia kamba kiunoni, alikuwa kaka yake, toka nitoke. Nanga wa Chini alikuwa mumewe, fundi wa kuchomea mageti, pande la mtu ambalo kila mmoja aliliita Winchi.

Mashemeji hao walitaniana mwaka mzima. Kaka mtu akipita karakana humwuliza Winchi kama amekwisha kuandika wosia. Winchi humjibu kwamba safari hii atamrudisha kwao akiwa amefungwa kwa kamba hiyohiyo.

Mitaa yenyewe ilitenganishwa na barabara tu, ila kwa habari ya tumbaku ilikuwa kama nchi mbili. Chini, mafundi walivuta sigara tangu asubuhi. Mgeni akiingia karakana alipewa kigoda na sigara kabla hajaulizwa shida yake, na mwanamume aliyekataa alionekana anaringa. Wanawake wa huko hawakugusa. Juu, sigara ilikuwa mwiko, maana cheche moja ingeteketeza ghala zima la pamba. Wao walitia ugoro, wake kwa waume, kidogo tu ndani ya mdomo wa chini, kisha mikono ikarudi kazini. Wa Juu waliwaita wa Chini mabomba ya moshi. Wa Chini nao waliwaita wenzao watema mate. Kila upande uliamini kabisa kwamba maradhi yako kwa wale wengine.

Mshonaji alikuwa ameolewa Chini pamoja na ugoro wake. Kikopo kilikaa kwenye droo ya cherehani, na kila Winchi alipoamka akikohoa, mkewe alimwonya kwamba moshi ule utamuua, huku mwenyewe mdomo umemvimba kwa ugoro.

Wiki kadhaa kabla ya shindano, muuguzi wa zahanati ya hapo barabarani alikuja uwanjani, timu zote mbili zikiwa mazoezini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwendo wake wa haraka kama anakimbizwa. Mwaka uliopita mtu wa Chini alizirai kwenye kamba, kwa hiyo kamati ilimwomba awepo siku ya siku. Alikubali kwa sharti moja, kwamba kwanza awapime wavutaji wote.

"Wavutaji wa kamba au wa sigara?" Winchi akauliza, na uwanja ukaangua kicheko.

"Kwenu nimeona ni walewale," muuguzi akasema, naye akacheka.

Kipimo kilikuwa bomba la plastiki lenye mshale. Unajaza kifua, unapuliza kwa nguvu zako zote, mshale unapanda. Haikuchukua muda, kikageuka kuwa shindano. Wa Juu walipuliza mshale ukaruka. Winchi, aliyezoea kunyanyua geti peke yake, alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na mshale ukajikokota ukaishia chini ya ule wa bibi mmoja mtia rangi. Wa Juu walishangilia wakakumbatiana. Kaka mtu akatoa kikopo chake mbele ya watu wote, akajitilia ugoro kwa madaha.

Ndipo muuguzi akatoa tochi na kusema sasa anataka kuona midomo. Kelele zikapungua. Kaka mtu akasema kinywa chake si dirisha la kuchungulia, akakusanya kamba yake na kuondoka. Mshonaji akajitokeza, kwa sababu alitaka wenzake waone kwamba yeye hana la kuogopa. Muuguzi alimfunua mdomo wa chini, akamulika, kisha akampa kioo. Palepale alipozoea kuweka ugoro, nyama ilikuwa nyeupe, imekunjamana kama ngozi ya kidole kilichokaa sana majini.

"Lakini mimi sivuti," mshonaji akasema.

"Huvuti, najua. Ila tumbaku ni ileile."

Muuguzi akamweleza taratibu kwamba baka lile si saratani, ingawa likiachwa linaweza kufikia huko. Mara nyingi hupotea lenyewe mtu akiacha ugoro mapema. Lisipopotea, hospitali watakata kipande wakapime.

Walirudi nyumbani. Walipokaa kula ndipo Winchi aliposukuma pakiti yake ya sigara katikati ya meza.

"Mama watoto, tuache wote. Ukirudia wewe, na mimi narudia."

Mshonaji alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. Aliinuka, akaleta kikopo, na mwili ukamsisimka kama msichana anayetoroka shule. Vyote vikaishia chooni.

Siku za mwanzo zilikuwa balaa. Winchi alichomea bawaba juu chini na kuligombeza geti kana kwamba lina masikio. Mshonaji alishona mkono wa kushoto upande wa kulia, akafumua, akaushona vilevile. Walitafuna njiti za meno wakanuniana, kisha wakatazamana wakacheka. Lakini kikohozi cha asubuhi kilianza kupungua, na Winchi alipopita zahanati kupuliza, mshale ulipanda juu ya alama yake ya kwanza. Alitoka mbio hadi karakana kutangaza. Mafundi wenzake, ambao hakuna aliyeweza kuwafundisha afya, walitaka sana kushinda kamba. Mchonga vyuma akaacha, akafuata mpaka rangi wa mageti, wengine wakapunguza kwa manung'uniko. Jioni walikuwa wanapanga foleni zahanati wakipuliza na kubishana nani mshale wake umeruka zaidi. Mshonaji naye, kila akikaa kwenye cherehani, alijifunua mdomo mbele ya kioo kidogo. Weupe ulikuwa unafifia.

Alimwendea kaka yake, akamwomba aende zahanati. Kaka mtu alimwambia amekwisha kuwa mtu wa Chini na ametumwa kuwatia hofu. Lakini dada yake aliona jinsi alivyokuwa akitafuna upande mmoja tu.

Siku ya kamba, watu walijaa hadi juu ya kuta. Mvuto wa kwanza Juu waliwaburura Chini kama gunia. Wa pili Chini walijibu, na mshonaji alirukaruka hata kiatu kikamtoka. Mvuto wa tatu ndio wa kuamua. Kamba ilikaza, haikwenda huku wala kule. Miaka yote hapo ndipo Chini walipokatikiwa na pumzi, na Juu walilijua hilo, wakaganda kusubiri. Mshonaji alisikiliza vifua vya watu wake. Vilikuwa vinahema, ila hakuna aliyekohoa. Mumewe alikuwa amelala nyuma karibu aguse ardhi, macho ameyatoa, anamngojea yeye.

"Shika," aliwaambia. "Shika. Shika hapohapo." Ncha ya pili alimwona kaka yake akikunja uso, na moyo wake ukachanika vipande viwili. Kisha akajaza kifua. "Haya! Haya! Haya!"

Kamba ilitetemeka, ikasogea shibiri, kisha Juu wakaporomoka wote kwa pamoja. Mtaa wa Chini ulivamia uwanja. Winchi alimnyanyua mkewe begani kama fremu ya dirisha, na yeye akampiga mgongoni amshushe, kwa sababu kaka yake alikuwa bado amekaa chini.

Alimkuta anacheka na kutema vumbi. Kaka mtu akasema anataka kuuona mdomo wake. Mshonaji akaufunua. Ulikuwa mwekundu, safi.

"Basi muite huyo muuguzi wako," kaka mtu akasema, na sauti ilikuwa ndogo kuliko mwili wake.

Muuguzi alimulika hapohapo uwanjani. Kulikuwa na kidonda cha miezi, ambacho kaka mtu hakuwahi kumwambia yeyote. Muuguzi alimpeleka hospitali wiki ileile, wakakikata na kukipima. Majibu yalipokuja, mshonaji ndiye aliyevuka barabara mbio kuyapeleka, mkono mmoja umeshika kanga isidondoke. Kidonda kilikuwa hakijageuka kuwa kibaya. Kama kingekaa zaidi, daktari alisema, angekuwa anaongea mengine.

Kaka mtu aliruka, pamba ya hospitali ikiwa bado shavuni, akamkumbatia dada yake na kumwaga ndoo nzima ya rangi ya samawati. Kisha akamtuma kwa shemeji yake, na maneno yalimtoka ya kibububu, kwamba marudiano yafanyike kabla ya mvua, na kwamba watia rangi wameshaanza kupanga foleni zahanati.