Shokapu za Gari la Dada

Dada aliahidi mbele ya mumewe: ikifika Jumamosi saa sita mchana gari halijatengemaa, atatia saini liuzwe. Alisema kwa hasira, maana wiki nzima shemeji alikuwa amemkalia kichwani kwamba gari limekufa, na kwamba mke wa mtu hazunguki maduka saba kila siku na trei za mikate. Neno likishatoka halirudi. Mimi nilikuwa jikoni naosha trei, nikasikia, nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi yangu ya pili. Ya kwanza ni ufundi wa magari.

Gari halikuwa limekufa. Lilikuwa limechoka miguu ya mbele. Ukibonyeza boneti na kuachia, lilinesa mara nne, mara tano, kama mtu anayeitikia kila anachoambiwa. Kwenye tuta liligonga go! Ukikata kona, juu ya tairi palilia kama mlango wa stoo. Shokapu zote mbili zilikuwa zimevuja mafuta, na mauntingi, zile raba zinazoshika shokapu juu kwenye bodi, zilikuwa zimepasuka kama visigino. Dada alinunua mpya za pande zote mbili, kwa sababu nilimwambia ukibadilisha upande mmoja umefungisha ndoa ya mguu mzima na mguu kilema. Nilimwambia kwa sauti ndogo, lakini nilimwambia.

Bosi wangu wa gereji aliniazima jeki, stendi mbili na vibanio vya springi. "Vibanio uvirudishe pamoja na vidole vyako vyote," alisema.

Jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa uani. Nililegeza nati za tairi gari likiwa bado chini, nikalinyanyua, nikalikalisha kwenye stendi, nikalisukuma kwa bega nione kama limetulia. Kufikia saa tatu upande wa kushoto ulikuwa umekwisha. Fimbo ya shokapu ya zamani niliisukuma kwa kiganja: ikaingia, ikabaki humo humo, kama mgeni aliyeona kitanda. Mpya ukiisukuma inarudi yenyewe, polepole. Inakataa. Niliisukuma mara tatu bila sababu yoyote, basi tu niliipenda.

Upande wa kulia ulinisumbua. Boliti moja ya chini ilikuwa imeshikwa na kutu, nikaipiga nyundo mpaka bega likaniuma. Ilipotoka nilifunga kitovu cha tairi kwa waya kisining'inie kwenye mpira wa breki, nikashusha shokapu na springi yake. Nikaibana springi kwa vibanio viwili, huku robo mzunguko, huku robo, mpaka ikalegea kwenye kikombe chake, kile kisahani inachokalia. Nikafungua nati ya juu, nikaitoa springi, nikailaza juu ya gunia ikiwa bado imebanwa. Hapo ndipo lango lilipofunguliwa.

Alikuwa shemeji, na nyuma yake dalali wa magari, mtu wa funguo nyingi kiunoni.

"Si nilikwambia?" shemeji alimwambia dalali. "Ona lilivyolazwa juu ya vyuma. Hili ni maiti."

"Na fundi ndiye huyu?" dalali akacheka. "Hujambo, binti?"

"Sijambo. Shikamoo," nilikiambia kiatu chake.

"Rudisha tairi, shemeji," shemeji akaniambia. "Bwana huyu analivuta leo leo."

"Bado..."

"Unasemaje? Umemeza ulimi?"

"Saa sita bado."

"Saa nne, saa sita, tofauti yake nini? Aliyeishia darasa la tano leo ananifundisha saa!" Alipoona dalali amecheka, akaongeza chumvi: "Huyu ukimsalimia leo, anaitikia kesho."

Nikainama, nikaendelea kufuta kikombe cha shokapu mpya. Sikuacha. Shemeji akatazama huku na huku akitafuta kitakachoniachisha, macho yakatua kwenye gunia.

"Bila hii hufungi kitu," alisema. "Itakaa chumbani kwangu mpaka saa sita ipite."

Akaiokota springi, akaikumbatia kifuani, ncha ya juu ya springi ikimtazama kidevuni. Kibanio kimoja kikakwaruza kifungo cha shati.

Springi iliyobanwa ina hasira ya kubeba gari ndani yake. Kibanio kikiteleza inaruka, na haichagui shavu. Kwenye bati la gereji yetu kuna tundu ambalo bosi hajaliziba makusudi, ili kila anayeanza kazi aulize.

"WEKA CHINI!"

Sikujua kama sauti ile ni mali yangu. Dalali aliruka nyuma ya tangi la maji.

"Usiitikise! Toa uso hapo juu! Igeuzie ukutani. Taratibu. Sasa piga goti."

"Wewe..."

"Goti, nimesema!"

Shemeji akapiga goti, na suruali yake ya pasi, kwenye oili.

"Ilaze kwenye gunia. Toa mkono. Na wa pili. Rudi nyuma."

Akarudi nyuma. Dada alitoka mbio, unga mpaka viwikoni. "Kuna nini? Nani anapiga kelele?"

"Mdogo wako," dalali alisema kutoka nyuma ya tangi. "Kumbe sauti anayo."

Nilijua nikifunga mdomo wakati ule, sauti ile haitatoka tena mwaka mzima. Nikamtazama shemeji usoni. Ana kovu dogo kwenye nyusi. Nimeishi naye miaka mitatu, sikuwahi kuliona.

"Shemeji, kama unataka dada akae nyumbani, mwambie dada. Usilisingizie gari. Gari ni zima, limebakiza mguu mmoja, na mguu huo nitaurudisha kabla ya saa sita. Na wewe mzee, kadi ya gari ina jina la dada. Muulize yeye."

Dalali akachungulia. "Mama, unauza?"

"Saa sita nitakujibu," dada alisema. Akapindua ndoo, akaikalia, katikati ya mumewe na gunia.

"Nyumba hii ni yangu," shemeji aliniambia. "Leo utatafuta pa kulala."

"Nitalala ndani ya gari. Halinesi tena."

Dalali alikohoa, lakini kile hakikuwa kikohozi.

Nilikagua vibanio kwanza, kimoja kimoja, maana springi haitaki haraka. Nikaivisha kwenye shokapu mpya, nikazungusha mpaka ncha yake ikagusa kituo cha kwenye kikombe. Mauntingi mpya, nati ya juu, kisha nikalegeza vibanio, huku robo, huku robo. Nikaipandisha mahali pake: nati tatu juu, boliti mbili chini, mpira wa breki kwenye kishikizo chake, tairi. Nikalishusha gari. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

Dalali mwenyewe ndiye aliyekuja kubonyeza boneti, kwa mikono miwili na tumbo. Akaachia. Gari likapanda mara moja, likasimama. Akajaribu upande wa pili. Vile vile.

"Bwana, umenitoa kwangu bure," alimlalamikia shemeji, akaondoka na kelele zake za funguo.

"Saa sita sisubiri," dada alisema. "Siuzi."

Tulipakia mikate. Nilikwenda chumbani nikachukua shuka langu na nguo zangu mbili tatu, nikazitupa kiti cha nyuma. Dada aliona, akasogeza trei moja kuzipa nafasi. Tukapanda, akawasha gari, akasogea hatua chache.

"Usukani unavuta kushoto."

"Lazima uvute. Tunapita kwanza kwa fundi wa alaimenti, azinyooshe tairi."

"Na mikate?"

"Itasubiri."

Shemeji alikuwa amesimama katikati ya lango, mikono nyuma. Dada alikanyaga breki. Nikashuka.

"Shemeji, tunapita."

"Na nisiposogea?"

"Nitakushika nikusogeze."

Nikanyoosha mikono yangu, nyeusi kwa grisi mpaka viwikoni, nikamwendea. Alitazama mikono, akatazama shati lake, akanitazama mimi. Akasogea.

Lango lile lina mabawa mawili, na gari lingepita kwenye moja. Nilifungua yote.