Pango la Kulia

Miguu ya Leocadia ilikuwa imevimba hata haiingii tena kwenye ndala. Nazario aliifunga kwa vipande vya shuka kuukuu, kisha akambeba mkewe mpaka kwenye gari la kampuni ya reli. Dereva alivua koti lake akalitandika kitini, maana kiti kilikuwa kimechomwa na jua. Kila Jumanne gari hilo lilimpeleka mjini kusafishwa damu. Mabasi hayakufika kijijini kwao.

Injinia Baltazar, msimamizi wa ujenzi wa reli, alimshika Nazario bega.

"Mzee, kesho yule dada mtafiti wa popo anakuja. Utampeleka wewe pangoni."

"Nitampeleka."

"Akikuta popo wanaonyonyesha, sheria inatusimamisha mpaka watoto waweze kuruka. Tukisimama, magari yote yanarudishwa mjini." Aligonga paa la gari kwa vidole, taratibu. "Sikulazimishi. Lakini huku kwenu mapango si yamejaa tele?"

"Mungu akubariki, mwanangu," Leocadia alimwambia injinia kutoka ndani ya gari. "Bila wewe ningekuwa nimeshazikwa."

Kesho yake Nazario alitangulia msituni na panga lake, Maricruz, yule dada wa popo, nyuma yake na tochi yake kubwa. Njia ilipogawanyika, pango la popo lilikuwa kushoto. Nazario alilijua tangu ujana. Kila mwaka, kabla ya maombi ya mvua, wanaume wa kijiji walimtuma yeye peke yake akachote humo maji yasiyoguswa na jua. Kazi hiyo hapewi mwongo.

Alikata kulia.

Lilikuwa pango dogo, kavu, lenye harufu ya vumbi tu.

"Ndilo hili, baba?"

"Ndilo."

Maricruz alimulika dari kwa muda mrefu. Hakukuwa na kitu.

"Basi, afadhali kujua," alisema. "Wazee waliniambia, mfuate mchota maji, hadanganyi."

Alitoa mkate wake wa mahindi na maharage, akaukata, akampa Nazario kipande kikubwa. Naye alikila chote, maana kukirudisha kungekuwa kukiri.

Siku chache baadaye mashine zilichimba mashimo ya nguzo za reli, na nguzo moja ikatoboa paa la pango la kushoto. Popo walitoka mchana kweupe, akina mama wakiwa na watoto vifuani, wakajining'iniza kanisani na kwenye mapaa ya majiko. Watoto wengine walianguka njiani.

"Jamani, shetani kahamia kanisani!" alipiga kelele jirani, Wilma, akipunga ufagio.

"Si shetani, ni abiria! Wamewahi treni!" alijibu mumewe, na watu wakacheka.

Nazario naye alikuwa ameshika ufagio. Alikuwa akifagia waliokwisha kufa, akiwasogeza chini ya majani, mbali na miguu ya watu.

Jumanne iliyofuata Maricruz alirudi na kikapu kilichotandikwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na watoto wa popo aliowaokota. Alimkuta Nazario akimwingiza mkewe garini.

"Kosa ni langu, baba," alisema. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Wewe ulinionyesha pango ulilolijua. Mimi ndiye niliyepaswa kuendelea kutafuta. Nimewaambia hivyo wakubwa wangu, wamenifukuza kazi. Lakini nisingeondoka bila kuja kwako. Nisamehe. Hawa walikuwa wa kwenu."

Nazario alifumbua kinywa. Injinia Baltazar alikuwa ameegemea mlango wa gari, akitazama saa yake.

"Twende, mzee," alisema. "Mashine ya hospitali haimsubiri mtu."

"Mjibu binti wa watu, Nazario," alisema Leocadia kwa upole. "Si anakuomba msamaha?"

"Nimekusamehe," alisema Nazario.

Maricruz alishusha pumzi ndefu, machozi yakamtoka. Alimwekea Nazario kitoto kimoja cha popo kiganjani, ili akipe joto wakati yeye akipanga wengine. Kilikuwa chepesi kama ganda la kitunguu. Kilitambaa kwa makucha yake mpaka kwenye kidole gumba cha Nazario, kikakishika, kikaanza kunyonya.